Tunabishania Kaptula za Lara Croft, Kamera Tunaiacha

Desemba 2025, katika hafla ya The Game Awards mjini Los Angeles, ilitangazwa kwamba Lara Croft, shujaa wa kike wa gemu za Tomb Raider, anarudi na michezo miwili: Tomb Raider: Legacy of Atlantis, unaosuka upya mchezo wa kwanza wa mwaka 1996 na uliopangwa kutoka 2026, na Tomb Raider: Catalyst, utakaofuata 2027. Trela hazijapoa, mabishano ya siku zote yakaanza: umbo lake, urefu wa kaptula, kama uso huu ni wa Lara au wa mtu mwingine. Mwaka mmoja kabla, katika hafla hiyo hiyo, Ciri, shujaa wa kike wa gemu ya The Witcher IV, alipokewa namna hiyo hiyo. Picha zake ziliwekwa ubavuni mwa picha za mchezo uliotangulia wa 2015, na watu wazima wakakaa kulinganisha mashavu.

Kwa maoni yangu, kambi zote mbili zinapima kitu chepesi. Anayelalamika kwamba mhusika amevuliwa nguo na anayelalamika kwamba amefunikwa wanakubaliana bila kujua: wote wanaamini kwamba jibu limo katika kitambaa. Sivyo. Mwanamke katika gemu huwa mtu au huwa pambo kutokana na mambo ambayo picha moja ya skrini haiwezi kuyaonyesha: kamera inamtazama wapi, mwili wake unatumika kama nini ndani ya mchezo, na anapewa nafasi ya kutaka na kusema nini. Ukiyajua hayo, nguo hueleweka zenyewe. Usipoyajua, unaweza kumvika mhusika suruali na koti na bado ukamfanya kitu cha kutazamwa. Hilo limeshatokea, tena kwa Lara mwenyewe, na nitalifikia.

Kwanza turudi Derby, mji wa Uingereza ambako studio ya Core Design ilimtengeneza. Mbunifu wake, Toby Gard, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mhusika aliitwa Laura Cruz, mwanamke wa Amerika ya Kusini, kabla hajageuzwa binti wa ukoo wa mabwanyenye wa Kiingereza. Ucheze mchezo ule leo, uyasahau mabango yaliyouzunguka, utakutana na mtu wa ajabu kwa wakati wake: tajiri, mchache wa maneno, hana mwanamume anayemngoja wala wa kumwokoa, na adui yake mkuu, Jacqueline Natla, naye ni mwanamke. Kazi kubwa ya mchezaji ni kupima hatua, kuruka na kudaka ukingo. Upweke wa mapango yale ndio uliotufanya tumkumbuke zaidi ya umbo lake, ambalo kwa teknolojia ya PlayStation ya kwanza lilikuwa pembe tupu.

Nje ya mchezo mambo yalikwenda kwingine. Kampuni ya Eidos, iliyousambaza, iliwaajiri wanamitindo, Nell McAndrew akiwa mmojawapo, wavae kaptula na kufunga bastola mapajani kwenye maonyesho. Juni 1997 Lara akawa kwenye jalada la jarida la The Face. Mwaka huo huo Gard aliondoka Core, na baadaye hakuficha kwamba namna mhusika wake alivyokuwa akiuzwa ilikuwa sehemu ya sababu. Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na Lara wawili: mmoja wa wachezaji, anayeruka na kufa na kurudia, mwingine wa idara ya masoko, asiyecheza kabisa. Anayedai leo arudishiwe "Lara wa zamani" afafanue ni yupi kati yao. Mara nyingi, ukisikiliza vizuri, anamtaka yule wa mabango.

Kisa cha Lara kinatufundisha pia kwamba mhusika hasanifiwi na mtu mmoja. Kuna anayechora, kuna anayeandika, kuna anayehuisha mwendo, kuna anayeweka kamera, na kuna anayeketi ofisini mbali na hao wote akiamua bango litaonyesha nini. Tunapolaumu au kusifu "muundo" wa mhusika, aghalabu tunamwangalia wa kwanza tu.

Chukua suala la mwili kugeuzwa zawadi, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa wazi zaidi. Metroid ya Nintendo, mwaka 1986, husifiwa kwa kuwa mchezo uliofichua mwishoni kwamba shujaa aliyevaa deraya, Samus Aran, ni mwanamke. Sifa hiyo ni ya haki. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ni namna ufichuzi wenyewe ulivyopangwa: kadiri unavyomaliza haraka, ndivyo Samus anavyopungukiwa na nguo, na ukimaliza chini ya saa moja unamkuta na vazi la kuogelea. Deraya nzima kwa mchezaji mzembe, ngozi kwa mchezaji hodari. Katika mchezo mzima hakuna anayeweza kulalamikia mavazi ya Samus, kwa sababu amefunikwa kuliko mhusika yeyote wa zama zake. Tatizo limo katika kanuni ya zawadi.

Mfano unaotugusa sisi wasomaji wa Kiswahili ni Resident Evil 5 ya Capcom, iliyotoka 2009. Hadithi imewekwa Kijuju, mahali pa kubuni Afrika Magharibi, ambako wanakijiji walioambukizwa wanakuvamia huku wakipiga kelele kwa Kiswahili. Jiografia hiyo tuiache, inahitaji makala yake. Mshirika wa shujaa mkuu, Chris Redfield, humo ni Sheva Alomar, Mwafrika, askari wa BSAA, kikosi cha kupambana na silaha za kibiolojia, aliyewapoteza wazazi wake utotoni kwa sababu ya kiwanda cha kampuni ya Umbrella. Kwa mantiki ya hadithi, hakuna mwenye sababu nzito ya kuwapo pale kumshinda yeye. Amevaa fulana, suruali na vifaa vya kazi. Mpima nguo angempa alama nzuri na kwenda zake. Lakini ukicheza peke yako, huwezi kumchukua Sheva mpaka umemaliza mchezo mzima ukiwa Chris. Kwa saa zote hizo yeye ni wa kukubebea risasi na kukutibu. Na kwa anayejitahidi kukusanya alama za BSAA zilizofichwa kila pembe, mchezo una vazi la ziada kwa ajili ya Sheva linaloitwa "Tribal": vipande viwili vya madoa ya chui na rangi za kuchora mwilini. Mojawapo ya mavazi ya ziada ya Chris linaitwa "Safari". Mzungu akivaa la mtalii na Mwafrika akivaa la maonyesho ya kale, mchezo umeshakwambia unawaweka wapi wawili hao, na umekwambia baada ya saa nyingi za kuonyesha heshima kwa fulana na suruali.

Kamera nayo ina ushahidi wake, na bora kuliko wote ni wa mfululizo wa gemu za Mass Effect. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 2010, kuna Miranda Lawson, afisa mwenye akili nyingi na jambo zito moyoni kuhusu mdogo wake wa kike. Anapokueleza jambo hilo, picha katika baadhi ya mazungumzo imepangwa kutokea chini na nyuma, makalio yake yakijaza skrini. Mwaka 2021, studio iliyoitengeneza, BioWare, ilipotoa upya michezo yote mitatu kwa jina la Legendary Edition, ilibadilisha baadhi ya picha hizo. Nguo haikubadilishwa, umbo halikubadilishwa, neno halikuongezwa. Kamera ilisogezwa tu. Na ghafla mtu yule yule, katika vazi lile lile la kubana, anasikika akizungumza kuhusu mdogo wake. Wapo waliolia kwamba huo ni udhibiti. Mimi naona ni mhariri aliyerudi kurekebisha sentensi iliyokuwa ikijikata yenyewe.

Tuwasikilize sasa wanaotetea wahusika wenye mvuto wa wazi, maana hoja zao si za kipuuzi zote. Stellar Blade ya studio ya Korea Kusini, Shift Up, ilipotoka Aprili 2024, shujaa wake Eve alishambuliwa kwamba hana mwili wa binadamu. Toleo la Kifaransa la IGN, tovuti ya habari za gemu, lilifika mahali pa kuwasema waliomtengeneza kana kwamba hawajapata kumwona mwanamke, kisha likaomba radhi. Wakati huohuo ilikuwa ikijulikana kwamba mwili wa Eve ulitokana na vipimo vya mwanamitindo halisi wa Korea, Shin Jae-eun. Kumwambia mwanamke aliye hai kwamba mwili wake hauwezekani ni njia ya ajabu ya kutetea wanawake. Vilevile Bayonetta, mchawi wa mchezo wa 2009 anayepigana kwa nywele na kwa maringo, alichorwa na mwanamke, Mari Shimazaki, na wako wanawake wengi wanaompenda kwa sababu anajua anatazamwa na anaitawala hali hiyo. Njozi ni sehemu halali ya sanaa. Ujinsia pia. Anayetaka wahusika wote wa kike wawe na haya anataka jambo lingine kabisa, si usanifu bora, na mimi simo katika safari yake.

Hata hivyo utetezi huo una sehemu inayolegea. Husemwa kwamba wanaume nao wamechorwa isivyo kawaida, misuli kila mahali, kifua wazi, na hakuna anayelalamika. Kweli Kratos wa God of War hana shati. Lakini misuli ile imewekwa ili mchezaji ajione ndani yake, na kamera haimwinamii Kratos kwa nyuma anapomzungumzia mwanawe. Ukitaka kujua kama pande mbili zimetendewa sawa, usipime eneo la ngozi lililo wazi. Uliza ngozi hiyo ni ya nani kuitumia.

Sehemu nyingine inayolegea ni visingizio vya hadithi. Mbunifu wa gemu Hideo Kojima, alipolaumiwa mwaka 2013 kwa sababu ya Quiet, mdunguzi wa Metal Gear Solid V ambaye yuko karibu uchi, alijibu kwamba watu wakishajua sababu iliyofichwa wataona haya kwa maneno yao. Mchezo ukatoka 2015, na sababu ikawa kwamba Quiet anapumua kwa ngozi. Waliocheza Metal Gear Solid 3 walimkumbuka The End, mzee mdunguzi anayejilisha kwa mwanga wa jua kama mmea, naye amevaa nguo zake zote. Sababu ya ndani ya hadithi ni uamuzi wa mwandishi kama uamuzi mwingine wowote. Haiwezi kumtetea aliyeiandika. Tena Quiet, karibu mchezo mzima, haongei.

Zingatia kwamba Sheva, Miranda na Quiet wote ni wasaidizi. Hilo si sadfa ya mifano yangu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Teresa Lynch na wenzake, walichapisha uchambuzi wa wahusika wa kike 571 wanaochezeka, kuanzia michezo ya 1983 hadi ya 2014. Walikuta kwamba kuchorwa kwa jicho la tamaa kulifika kilele miaka ya 1990 kisha kukapungua, na kwamba wahusika wa kike wa pembeni walichorwa hivyo zaidi ya wahusika wakuu. Inaeleweka. Mhusika mkuu ana kazi ya kufanya, lazima uishi naye saa 30, lazima atake jambo ili hadithi iende. Msaidizi ana nafasi tupu, na nafasi tupu ndiyo hujazwa na pambo. Kwa hiyo tukiona mashujaa wa kike wameongezeka, wakiwamo Aloy wa Horizon, Naoe wa Assassin's Creed Shadows na Atsu wa Ghost of Yōtei, tusifunge mjadala. Tuangalie wanaotembea nyuma yao.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayojiona ngumu: soko. Eti mwanamke hauzi, au anauza akiwa amechorwa vile tu. Juni 2014 mkurugenzi wa Assassin's Creed Unity, Alex Amancio, alieleza kwamba kuongeza wahusika wa kike wa kuchezwa kungezidisha maradufu kazi ya uhuishaji na sauti. Jonathan Cooper, aliyewahi kuongoza uhuishaji wa Assassin's Creed III, akajibu hadharani kwamba kwa ujuzi wake hiyo ni kazi ya siku moja au mbili, na akakumbusha kwamba Aveline, shujaa wa kike wa mfululizo huo huo mwaka 2012, alitumia miondoko mingi ya mwanamume Connor. Miaka sita baadaye shirika la habari la Bloomberg liliripoti kwamba Kassandra wa Assassin's Creed Odyssey alikuwa apewe mchezo wote peke yake, na Aya wa Origins alikuwa apewe nafasi kubwa kuliko aliyoishia nayo. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, shinikizo la kuwarudisha nyuma lilitoka idara ya masoko na kwa mkuu wa ubunifu wa Ubisoft, kampuni ya mfululizo huo, Serge Hascoët, kwa imani kwamba shujaa wa kike hauzi. Hascoët alijiuzulu 2020. Julai 2025 mahakama ya Bobigny, Ufaransa, ilimhukumu kifungo cha miezi 18 kilichosimamishwa kwa makosa ya unyanyasaji kazini. Hakuhukumiwa kwa ajili ya Kassandra, bila shaka. Ila inasaidia kujua ni vyumba vya namna gani ambamo ile inayoitwa sauti ya soko ilikuwa ikitafsiriwa.

Soko lenyewe linasema nini? Horizon Zero Dawn, yenye Aloy asiyevuliwa nguo wala kupambwa, ilipita nakala milioni 20 kufikia mwishoni mwa 2021. Stellar Blade nayo imeuza vizuri, zaidi ya nakala milioni 3. Halafu ipo Concord ya Sony, gemu ya kupigana risasi mtandaoni, iliyotoka Agosti 2024 na kuzimwa baada ya wiki mbili, ambayo sasa hutajwa kila mahali kama ushahidi kwamba wahusika "wabaya" wanaua gemu. Wahusika wake kweli hawakuvutia; hata mimi nilishindwa kuwatofautisha. Lakini Concord iliuzwa dola 40 katika aina ya michezo ambamo washindani wake wakubwa hutolewa bure, na ilikuja wakati wachezaji wa aina hiyo wameshajichagulia makao. Anayeruka yote hayo na kutua kwenye umbo la mhusika alikuwa na jibu kabla ya swali. Ukiiweka Horizon, Stellar Blade na Concord pamoja, soko halitoi amri yoyote kuhusu kifua cha mtu. Linasema tu kwamba gemu nzuri huuza.

Ukitaka uthibitisho kwamba ugomvi huu si wa nguo, nenda kwenye mabanda ya gemu, Dar au Nairobi, ambako pedi hazipoi na kinachochezwa ni mpira. Kampuni ya EA iliwaingiza wanawake kwa mara ya kwanza katika gemu yake ya soka, FIFA 16, kwa timu za taifa 12. Septemba 2023, katika EA Sports FC 24, wanawake wakaruhusiwa kuchezeshwa pamoja na wanaume katika timu moja ya Ultimate Team, sehemu ya mchezo ambamo unajiundia timu kwa kadi za wachezaji. Hapo hakuna kaptula fupi wala kamera ya chini: jezi ni ile ile, bukta ni ile ile, kamera iko juu ya uwanja. Na bado malalamiko yalikuja kwa wingi, kwamba kadi ya mwanamke haistahili namba za kadi ya mwanamume. Mchezo ambao unaweza kumfanya beki astahimili mechi 200 bila kuchoka ulidaiwa ghafla uheshimu uhalisia.

Nirudi kwa Lara. Mwaka 2013 studio ya Crystal Dynamics ilimwanzisha upya. Kaptula ziliondoka, ikaja suruali; umbo likapunguzwa; uandishi akapewa mwanamke, Rhianna Pratchett. Kwa kipimo cha nguo, kesi ilikwisha. Lakini mwaka uliotangulia, mtayarishaji mkuu Ron Rosenberg alikuwa ameeleza kwamba wachezaji hawajioni kuwa Lara, bali wanataka kumlinda. Na mchezo ulitengenezwa kwa imani hiyo. Lara anaguna, anaanguka, anachomwa. Ukikosea, kamera inasogea karibu kumwonyesha akitobolewa shingo, na inakaa hapo. Lara wa 1996 akifa alilia ukelele mmoja, ukarudia. Yule wa kaptula ulikuwa yeye. Huyu wa suruali unamtazama akiteseka. Nampenda sana mchezo wa 2013, lakini sikubali kwamba ulikuwa hatua mbele katika kila kitu, na mtu aliyeshika rula ya kitambaa hawezi kuliona hili.

Wanaoandika uhakiki wa gemu, hata huku kwetu ambako kazi hiyo ndiyo kwanza inachipuka, wana vipimo bora kuliko picha ya trela. Mojawapo ni maneno. Mwaka 2023 Stephanie Rennick wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Seán Roberts wa Cardiff na wenzao walichapisha katika Royal Society Open Science uchambuzi wa mazungumzo ya michezo 50 yenye wahusika zaidi ya 13,000. Wanaume walizungumza takriban mara mbili ya wanawake. Nakisi hiyo haionekani kwenye picha yoyote, haina kaptula ya kubishaniwa, na si ya shujaa mkuu peke yake: ni muuza duka, mlinzi wa lango, mzee wa kijiji, watu wote ambao mwandishi aliwapa jinsia bila kufikiri. Kijana anayetengeneza gemu Arusha au Kampala kwa kompyuta moja hawezi kushindana na Sony kwa uhuishaji wa nywele, lakini kumfanya fundi magari au nahodha wa jahazi awe mwanamke mwenye la kusema hakumgharimu hata shilingi.

Legacy of Atlantis utakapofika, mabishano ya umbo yatakuwa yamechosha. Mchezo wa 1996 ulikuwa na mazungumzo machache sana. Anayeusuka upya kwa wachezaji wa leo atalazimika kuandika mengi ambayo hayakuwapo, hasa kati ya Lara na Natla, wanawake wawili wenye akili wanaotaka kitu kimoja. Atalazimika pia kuamua kamera ikae wapi Lara anapojivuta juu ya ukingo, na ifanye nini anapoanguka. Mimi nitaanza na kuanguka.